Tezi ya Kifuani: Kutoka Kifaru wa London hadi Kivuko cha Busisi

Mtu aliyekulia vijiji vya Shinyanga enzi za visima humtambua mwenzake akicheka. Meno yana mabaka ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Hiyo ni kazi ya floraidi iliyomo kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa miaka mingi, iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, na sababu haikufichwa: kiwango cha dunia kingefuatwa, visima vingi vingefungwa na watu hawakuwa na pengine pa kuchota. Maji ya Ziwa Victoria yalifikishwa Kahama na Shinyanga kwa bomba mwaka 2009. Waliokwisha kuota meno kabla ya hapo wanayo mabaka yao mpaka leo.

Meno ni mwanzo tu. Floraidi ikinywewa miaka na miaka huingia mifupani; mgongo hukakamaa, magoti huuma, mtu akiitwa nyuma hugeuka mwili mzima badala ya shingo. Ndiyo maana ukanda huu mtu akilalamika mifupa, jibu liko mdomoni tayari: ni maji.

Naanza na maji kwa sababu ugonjwa ninaotaka kuusimulia, uvimbe wa tezi za parathairoidi, hapa kwetu umekaa nyuma ya majibu mengine yaliyo karibu zaidi. Tezi hizo kwa kawaida ni nne, kila moja ukubwa wa punje ya mchele, zikiwa na uzito wa miligramu 30 hadi 50. Zimekaa nyuma ya tezi kubwa ya shingo, ile ambayo ikivimba tunasema mtu ana rovu. Kazi yao ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Kikishuka, zinatoa homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani. Floraidi hukamata kalsiamu, kwa hiyo tezi hulazimika kufanya kazi ya ziada, na madaktari wa India walilieleza hilo kwa wagonjwa wao wa maji ya visima mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini ipo hali nyingine isiyohusu maji hata kidogo. Tezi moja huota uvimbe, mara nyingi usio wa saratani, ikawa inamwaga homoni usiku na mchana hata kama kalsiamu imejaa tele. Mifupa hulika, figo hutengeneza mawe, choo huwa kigumu, akili huchoka. Mgonjwa wa namna hiyo akiwa mkulima wa Kishapu ataambiwa ni maji. Akiwa mchimbaji wa Nyarugusu ataambiwa ni duara: unashinda shimoni kwenye joto, maji hunywi, mawe ya figo utayakosaje? Na mara nyingi aliyemwambia hivyo atakuwa amesema kweli. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Wa kwanza kuandikiwa habari za tezi hii alikuwa kifaru. Bustani ya wanyama ya London ilimnunua kifaru wa India mwaka 1834. Alipokufa mwaka 1849, Richard Owen alimpasua kwa uangalifu mkubwa, akaandika kwamba ameona kitu kidogo cha manjano kimeshikamana na tezi ya shingo. Cha nini, hakujua. Mwaka 1880 Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Sweden, alikionyesha kwa binadamu baada ya kuchunguza maiti 50. Hakuna aliyeshtuka. Sandström alijiua mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 37, na ugunduzi wake ukiwa bado umelala kwenye makabati ya maktaba.

Umuhimu wa tezi hizo ulijulikana kwa kuzikosa. Madaktari wa Ulaya waliokuwa wakiondoa marovu waliona baadhi ya wagonjwa wakiamka na vidole vimekunjamana, mikono imekaza, midomo inachezacheza, wengine walikufa. Ilichukua muda kufahamu kwamba pamoja na rovu, tezi ndogo za nyuma yake nazo zimeingia kwenye beseni. Mwaka 1909 William MacCallum na Carl Voegtlin, wakiwa Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba kilichopungua ni kalsiamu: mnyama aliyeondolewa tezi akipewa kalsiamu, mkakamao unakoma. Somo hilo halijazeeka. Daktari anayetoa rovu katika hospitali ya Bugando, Mwanza, leo hii anazitafuta tezi hizo ili azikwepe. Yaani wengi wa madaktari wetu wa upasuaji wanazijua parathairoidi kama kitu cha kuokoa, na ni wachache waliowahi kuzifuata kama adui.

Wa kwanza kuifuata kama adui alikuwa Felix Mandl wa Vienna, mwaka 1925. Mgonjwa wake, Albert Gahne, alikuwa kondakta wa tramu ambaye mifupa yake ilikuwa imeoza kiasi cha kuvunjika kwa jambo dogo. Fikra ya siku hizo ilikuwa kwamba mtu kama huyo tezi zake zimepungukiwa nguvu. Mandl akampandikizia tezi alizozitoa kwa mtu aliyekufa kwa ajali. Hakuna kilichobadilika. Hapo akageuza hesabu: pengine tezi zimezidi. Julai mwaka huo alifungua shingo, akakuta uvimbe, akautoa, na kondakta akapata nafuu ya kuinuka na kutembea. Miaka michache baadaye ugonjwa ulirudi, lakini njia ilikwisha kuonekana.

Wakati Mandl akigeuza hesabu zake, Shinyanga kulikuwa na hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913. Dk. Nina Maynard, aliyefanya kazi hapo, alikuwa na foleni ya wagonjwa wa ukoma na kina mama waliozika mtoto baada ya mtoto. Kwa foleni ile, sioni ni daktari gani angekaa kupima kalsiamu ya mtu mwenye maumivu ya kiuno, hata kama angekuwa na vifaa.

Kisa kilichoipeleka historia hii kutoka shingoni hadi kifuani ni cha nahodha Charles Martell wa meli za biashara za Marekani. Alikuwa pande la mtu, zaidi ya sentimita 185. Akaanza kuumwa miguu, kisha mgongo, kisha mifupa ikaanza kuvunjika ovyo. Kufikia mwaka 1926 alikuwa amepungua kimo kwa sentimita 18 hivi. Kifua kimetokeza mbele, shingo imezama mabegani. Eugene DuBois, daktari wa New York, alikuta kalsiamu ya damu iko juu akakisia kuwa tezi za parathairoidi zimezidisha kazi. Martell akapelekwa hospitali ya Massachusetts General, Boston. Wakafungua shingo. Wakakuta tezi nzima isiyo na kasoro. Wakafungua tena, na tena, kwa miaka sita, katika miji miwili, na kila mara shingo haikuwa na kitu cha kulaumiwa.

Mtu mwingine angekwenda zake kijijini akafie huko. Martell, kama inavyosimuliwa na waliomtibu, alikaa na vitabu vya anatomia, akasoma njia za tezi hizi, akashikilia kwamba kama haiko shingoni basi iko kifuani na watafute huko. Oliver Cope, daktari kijana wakati ule, alijifunza kwanza kwa maiti namna ya kuzitambua tezi kwa rangi na umbo. Mwaka 1932 yeye na Edward Churchill walifungua kifua, na katika operesheni ya saba wakaukuta uvimbe wa sentimita 3 umekaa nyuma ya mfupa wa kidari. Waliutoa sehemu kubwa, wakaacha kipande kidogo kikiwa na mishipa yake ya damu ili kalsiamu isiporomoke ghafla. Ilishuka hata hivyo. Wiki sita baadaye Martell alifariki, baada ya jiwe la figo kuziba na kuhitaji operesheni nyingine. Mawe yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yao kabla tezi haijapatikana.

Kwa nini kifuani? Mtoto akiwa tumboni, wiki za mwanzo, tezi mbili za chini za parathairoidi huumbika sehemu moja na tezi ya thaimasi, ile ya kinga ya utotoni. Thaimasi hushuka kwenda kukaa kifuani mbele ya moyo, na njiani parathairoidi zinatakiwa zibaki shingoni. Kwa baadhi ya watu moja haibaki. Inashuka na thaimasi mpaka chini, ikaishi humo bila kumsumbua mtu, mpaka siku itakapoota uvimbe. Kati ya wagonjwa 100 wa ugonjwa huu, wapatao 2 ndio ambao uvimbe wao hauwezi kufikiwa kwa kupitia shingoni. Kwa miaka 60 baada ya Martell, dawa ya hao wawili ilikuwa msumeno: mfupa wa kidari unapasuliwa kutoka juu kwenda chini, mbavu zinatanuliwa kwa chuma, kitu chenye ukubwa wa haragwe kinatafutwa kati ya moyo na mapafu, kisha mfupa unafungwa kwa waya.

Huku kwetu miaka hiyo watu walikuwa wakipasua miamba. Mgodi wa Geita ulifunguliwa katika miaka ya 1930, ukawa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki kabla haujafungwa mwaka 1966. Mwadui ikapata almasi mwaka 1940. Migodi ilileta reli ndogo, umeme na zahanati za wafanyakazi. Tezi za parathairoidi hazikuwa kwenye ajenda ya mtu.

Ila taya zilikuwamo. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alitoka na wenzake wawili kwa gari kuukuu, wakazunguka kilomita zipatazo 16,000, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mmewahi kuona watoto wenye uvimbe wa taya? Saratani aliyoifuatilia ndiyo inayobeba jina lake hadi leo, na kanda ya ziwa ni moja ya makao yake. Sasa, ugonjwa wa parathairoidi ukikomaa nao huvimbisha taya. Mfupa ukishalika, mahali pake hujaa nyama ya kahawia yenye damu, na mgonjwa anafika na shavu lililojaa. Daktari aliyefundishwa vizuri somo la Burkitt ataona saratani. Wa meno ataona jipu. Hakuna wa kumlaumu. Katika kila nchi ambayo damu haipimwi kalsiamu, ugonjwa huu huonekana mwishoni, ukiwa umeshavaa sura ya ugonjwa mwingine.

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hilo unatoka Rochester, Minnesota, kwenye kliniki ya Mayo. Mwaka 1963 Solomon Berson na Rosalyn Yalow walikuwa wameshaeleza namna ya kupima homoni yenyewe ya parathairoidi kwenye damu, kwa ufundi ambao ulimpa Yalow tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufariki. Lakini kilichobadilisha mambo kilikuwa kipimo cha bei rahisi kuliko hicho. Katikati ya mwaka 1974 mashine za maabara za Rochester zilianza kupima kalsiamu ya kila mgonjwa, awe amekuja kwa kikohozi au kwa kidonda. Idadi ya waliokutwa na ugonjwa wa parathairoidi ikaruka ghafla mara kadhaa. Miili ya watu wa Rochester haikubadilika mwaka ule. Kilichobadilika ni karatasi ya maabara. Wengi wa waliokutwa walikuwa hawana mfupa uliovunjika wala shavu lililovimba, ni uchovu tu.

Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, ghorofa juu ya kilima, na ikawa rufaa ya ukanda mzima kutoka Bukoba mpaka Shinyanga. Huko duniani ufundi uliendelea kwa hatua. Mwaka 1989 madaktari wa Uingereza walitambua kwamba dawa ya mionzi iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga picha za moyo hujikusanya pia kwenye parathairoidi iliyovimba. Tangu hapo ikawa rahisi zaidi kuuona uvimbe wa kifuani kwenye picha kabla kisu hakijashikwa. Dawa yenyewe hubeba teknesiamu, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya saa 6, kwa hiyo huwezi kuiagiza ikakaa stoo. Martell angepata picha ile, angeepuka operesheni zote za shingo. Mwaka 1994 Richard Prinz na wenzake wa Chicago walieleza namna ya kuutoa uvimbe wa kifuani kwa matundu na kamera, bila msumeno.

Mwaka 2000 mashine zikaingia kwa nguvu sehemu mbili zilizo mbali sana. Geita mgodi mpya ulianza uzalishaji, magari makubwa yakishuka kwenye shimo la wazi ambalo mtu wa sururu angelichimba maisha yake yote asilimalize. Marekani, mwezi Julai, mamlaka ya dawa na vifaa iliidhinisha roboti iitwayo da Vinci kwa upasuaji. Mwaka 2004 timu ya Innsbruck, Austria, ambayo Johannes Bodner alikuwa mmoja wao, ilichapisha namna ya kutoa parathairoidi ya kifuani kwa roboti hiyo.

Operesheni inakwenda hivi. Mgonjwa analazwa ubavu mmoja umeinuliwa kidogo. Mtaalamu wa nusu kaputi anaingiza bomba lenye njia mbili, ili pafu la upande mmoja liendelee kupumua na la upande wa pili lizimwe lisinyae; hapo ndipo nafasi inapopatikana. Matundu matatu au manne, yasiyofika sentimita moja na nusu, yanatobolewa kati ya mbavu, na hewa ya kaboni dioksaidi inasukumwa taratibu ndani. Mikono ya roboti inaingia. Daktari hayuko mezani. Amekaa pembeni, macho kwenye kioo kinachomwonyesha kina na ukubwa, vidole ndani ya pete. Akikunja kiganja, chombo kilicho ndani ya kifua nacho kinakunja, bila kutetemeka. Roboti haifanyi lolote kwa akili yake. Anafungua mafuta ya thaimasi polepole, akiikwepa neva ya kiwambo, kwani akiikata mgonjwa anaweza kupumua kwa shida maisha yake yote. Uvimbe una rangi ya kahawia-nyekundu, laini. Ukipasuka ukamwaga chembe zake, ugonjwa unaweza kuota upya kifuani, kwa hiyo unatiwa kwenye kifuko kabla ya kuvutwa nje.

Halafu wote wanasubiri. Homoni ya parathairoidi haidumu kwenye damu. Nusu yake hupotea ndani ya dakika tano. Dakika ya 10 baada ya uvimbe kutoka, damu inachukuliwa na kukimbizwa maabara. Homoni ikiwa imeshuka kwa zaidi ya nusu, matundu yanashonwa. Isiposhuka, kuna tezi nyingine mahali fulani na kazi haijaisha. Kwangu mimi dakika hizo zina thamani kuliko mikono ya chuma. Churchill na Cope hawakuwa nazo.

Roboti ilipozoeleka, watu walianza kuuliza kama daktari lazima awe chumba kimoja na mgonjwa. Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux, akiwa New York, alimtoa mwanamke wa Strasbourg, Ufaransa, kifuko cha nyongo kwa kebo iliyopita chini ya bahari. Marescaux huyo huyo ndiye mwanzilishi wa taasisi ya IRCAD, ambayo Oktoba 2023 ilizindua tawi lake la Afrika mjini Kigali kwa ajili ya kufundisha upasuaji wa matundu. Kutoka Kigali hadi Geita ni mwendo wa siku moja kwa gari. Na Juni 2025 daktari Vipul Patel, akiwa Orlando, Florida, alimfanyia mgonjwa wa Angola operesheni ya tezi dume kwa roboti, kilomita zipatazo 11,000 kati yao.

Mwezi huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi juu ya ghuba ya ziwa. Kabla ya hapo mgonjwa wa Geita aliyepewa rufaa kwenda Bugando alifika Busisi akakuta foleni ya malori na mabasi, akangoja kivuko. Gari la wagonjwa lilipewa kipaumbele, lakini kivuko kikiwa ng'ambo, kipaumbele hakikusaidia. Wapo waliojifungulia pale gatini. Kwa sasa kuvuka ni dakika chache. Geita ina pia hospitali ya rufaa ya kanda huko Chato, na mgonjwa wa kifua anaweza kupelekwa mbele zaidi, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015.

Kwa hiyo barabara ipo, na sehemu kubwa ya safari ina lami. Mgonjwa mwenyewe ndiye asiyejulikana bado. Ukiniuliza fedha ya kwanza iende wapi, nitasema iende kwenye kalsiamu, na iwafuate watu wa aina tatu: aliyerudi na mawe ya figo kwa mara ya pili, aliyevunjika mfupa bila kuanguka kwa kishindo, na mtu mzima aliyevimba taya. Floraidi isiwe sababu ya kuwaruka watu wa Shinyanga. Maji yanaweza kumpa mtu mgongo mgumu, na uvimbe ukamkuta humohumo. Jambo moja la kiufundi kwa watakaopima: karibu nusu ya kalsiamu ya damu imeshikwa na protini iitwayo albumini, na mgonjwa aliyekonda kwa njaa au ini albumini yake huwa chini. Jumla ya kalsiamu itasomeka ya kawaida wakati kalsiamu iliyo huru imepanda. Albumini ipimwe kwenye damu hiyohiyo.